Masale Juu ya Kebo

"Hivi, Mama Gladness, mwanga ukizikwa ardhini hauozi?"

Jirani yao Eunike aliuliza hivyo mwaka jana, amesimama kwenye kijia cha kihamba, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, na mkungu wa ndizi kichwani, akiwatazama vibarua wakifukia kebo. Yuditha, ambaye ndiye Mama Gladness, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwita mumewe aje ajibu mwenyewe, kwa kuwa kazi ilikuwa yake.

Primus alikuwa fundi wa fiba, na alipenda sana kuulizwa. Alikata bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani, akawasha tochi ya simu upande mmoja na kumwambia Eunike achungulie upande wa pili.

"Unaona nini?"

"Naona mwanga. Naona na kucha zako chafu."

"Basi ndani ya kebo kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Mwanga unapita humo kutoka mjini mpaka zahanati yetu pale juu. Na kila mwisho kuna kidude cha chuma, kama kidole gumba hivi, tunakiita moduli. Moduli ya mjini inageuza maneno kuwa mwanga. Ya huku inaupokea mwanga na kuurudisha kuwa maneno. Halafu na yenyewe inajibu. Zinakwenda mbili mbili. Moja ikifa, mwenzake anaangaza bure."

"Kama mume na mke."

"Hasa. Ila hizi hazinuniani."

"Basi mziige," Eunike alisema, akaondoka na mkungu wake, akichechemea kidogo. Mguu ulikuwa umeanza kumsumbua tangu siku zile, kwa ajili ya ugonjwa wa sukari.

Siku hiyo nyumba yao ilikuwa na raha. Bwana Shakiru, mwenye kampuni ndogo ya pale mjini iliyopewa kazi ya kuvuta kebo, alikuwa amemwahidi Primus kwamba akiitunza njia hiyo ya kwao Kirua Vunjo mwaka mzima bila kasoro, atamwandika ajira ya kudumu. Yuditha hakuwa na ombi jingine mbele za Mungu. Miaka yote ya ndoa yao Primus alikuwa akifuata vibarua vya kebo Mtwara, Kigoma, Mpanda, anarudi Krismasi na begi lake jeusi, na mwaka mmoja Gladness, akiwa mdogo, alimwamkia akamwita mjomba. Watu walicheka. Primus hakucheka. Tangu apate kazi ya Kirua, lile begi lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na Yuditha kila akifagia alilitazama na kumshukuru Mungu kwamba lina vumbi.

*

Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha, masika yameshika, ndipo kebo ilipokatika.

Yuditha alikuwa akiwakatia ng'ombe majani. Aliona shemeji yake Martin, kaka mkubwa wa Primus, akichimba shimo la mgomba upande wa juu wa kaburi la mama mkwe. Pembeni yake yalilala masale matatu, ile mimea ya majani marefu, yameng'olewa na mizizi yake. Katika milima hii jembe likikutana na isale hugeuka. Isale ndilo mpaka, ndilo neno la mwisho la waliokwisha kufa. Alitupa mundu, akakimbia.

"Shemeji! Shemeji, acha, usichimbe hapo!"

Martin aliinua jembe. Lilikuja na kitu cheusi, kama mkia wa nyoka, kimekatika na kuchanua nyuzi za rangi rangi.

"Huu mzizi gani?" aliuliza.

"Ni kebo, shemeji. Umekata kebo."

"Kebo gani? Kebo si ina vigingi? Kule barabarani nimeona vigingi vya saruji vimepakwa rangi ya njano. Hapa kigingi kiko wapi?" Alikitupa kile kipande chini. "Mimi hapa nimekuta masale. Natoka Mererani, mwaka mzima niko shimoni kwenye madini, narudi kwetu nakuta mdogo wangu amepanda masale upande wangu. Amechukua mistari miwili ya kahawa, sawa, kahawa tutasema. Amechukua na mama! Baba alimwacha mama katikati, awe wetu wote. Leo mama yuko kwa Primus, amejengewa na saruji, mimi mkubwa nimeonekana sina haya. Hata kuniambia?"

"Siyo mpaka, shemeji. Ni alama tu ya kebo."

"Nani anapanda isale liwe alama ya waya?"

Jibu Yuditha alikuwa nalo, ila hakuthubutu kulitoa.

Jibu lenyewe alilisema Primus jioni ile, jikoni, kwa sauti ya chini, mbele ya sufuria ya mtori ambayo hakuna aliyeigusa. Bwana Shakiru alimpa saruji ya kufyatulia vigingi vya kupanda juu ya kebo kihambani kote. Na kaburi la mama lilikuwa bado udongo mtupu, mwaka wa sita, mafuko wanalichimbua, watu wa jumuiya wakija kusali wanaangalia pembeni. Saruji ilitosha kaburi. Haikutosha kaburi na vigingi.

"Nikasema nitapanda masale," Primus alisema. "Nani Kirua hii atachimba kwenye isale? Kigingi mtu anaweza kuking'oa akakifanye kigoda. Isale hataligusa. Niliona ni alama bora kuliko ya kampuni."

"Kaka yako amechimba."

"Kwa sababu yeye ameliona ni mpaka!"

"Na wewe hukujua ataliona ni mpaka?"

Primus aliisogeza sufuria pembeni. Alikuwa mwaka mzima akitembea juu ya mstari ule akiona kebo, hata akasahau kwamba wengine wote wanaona masale.

"Mwambie Bwana Shakiru," Yuditha alisema. "Mwambie kebo imekatwa kwa bahati mbaya."

"Kebo ikikatwa anapanda mwenyewe. Anakuja na polisi, kwa sababu siku hizi inaitwa hujuma. Cha kwanza atakachouliza ni vigingi. Niache. Godlove yule mwenzangu ana mashine ya kuungia. Akiniletea kimyakimya, naunga, nafukia, nafyatua vigingi, yanakwisha."

"Na leo utamwambia nini?"

Primus alishika simu muda mrefu kabla ya kupiga. Alipopiga, sauti yake ilikuwa changamfu mno. "Bosi, shikamoo. Ndiyo, huku juu mtandao umezimika. Nimeshapima. Moduli ya zahanati imekufa, radi hii ya jana. Ndiyo, moduli tu. Kebo salama, bosi. Kebo salama kabisa."

Yuditha alisimama akaenda kuwatazama ng'ombe ambao alikwisha kuwatazama.

*

Mashine ya kuungia ilikuwa Arusha kwa kazi nyingine. Godlove alisema itarudi ikirudi. Lakini Bwana Shakiru, kwa wema wake, alipeleka moduli mpya kwa pikipiki asubuhi iliyofuata, na Primus hakuwa na namna ila kupanda nayo zahanati, mbele ya watu, akaifunge.

Yuditha alikuwa kule tayari. Alikuwa amemsindikiza Eunike, ambaye kidonda chake cha mguu kilikuwa kimeanza kutoa harufu hata kikifungwa. Muuguzi Salvina alimrudishia kadi yake ya bima kwa mara ya pili.

"Haisomi, mama. Mtandao hakuna. Bila mtandao siwezi kujua kama kadi yako iko hai, na dawa yako ni ya bima."

"Mimi mwenyewe niko hai, mwanangu, si unaniona? Kadi itakuwaje imekufa?"

"Mimi nakuona. Mfumo haukuoni. Kama una hela taslimu nakupa sasa hivi."

Eunike alicheka, akafunika mguu wake kwa kitenge ili watu wa benchini wasione. "Hela taslimu," alimnong'oneza Yuditha. "Angejua hata nauli nimepewa na dada wa kwaya."

Hapo ndipo Primus aliingia na begi la vifaa, na benchi zima likashangilia. "Fundi amekuja! Mpisheni fundi!" Alilifungua kabati la chuma ukutani. Ndani mlikuwa na kisanduku chenye taa ndogo, moja inawaka nyekundu. Alichomoa moduli ya zamani. Hiyo ilikuwa nzima kabisa, Yuditha alijua, na alimwona mumewe akiigeuza mkononi na kutikisa kichwa kwa masikitiko, kama mganga anayejua mgonjwa hana kitu.

"Ndiyo hii iliyokufa?" Salvina aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Kidogo hivyo, kinatutesa wote hawa!"

Alipanguza ncha ya waya kwa kitambaa maalumu, polepole, kwa uangalifu wote, maana chembe moja ya vumbi inatosha kuziba mwanga. Kazi yake aliijua. Aliifanya vizuri sana, na yote ilikuwa bure. Kabla hajaichomeka moduli mpya, Salvina aliinua mkono.

"Subiri, fundi. Mama Gladness yupo, kiongozi wetu wa jumuiya. Mama, tuombee mtambo huu. Tumechoka kurudisha wagonjwa."

Watu walisimama. Mzee mmoja alivua kofia. Eunike naye alijiinua kwa kushika ukuta, akafumba macho. Yuditha alimtazama mumewe. Mumewe alitazama kisanduku.

"Kwa jina la Baba," Yuditha alianza, "na la Mwana." Mkono ulifika begani ukasimama. Alijua kuomba juu ya njaa, juu ya msiba, juu ya mtoto aliyeishiwa damu. Hakujua namna ya kumwomba Mungu aponye kitu kizima ili uongo uwe kweli. "Bwana," alisema, "wewe unaona." Akangoja neno lingine lije. Halikuja. "Amina."

"Amina," waliitikia wote, wakidhani ni sala fupi ya mwenye imani kubwa.

Primus alichomeka. Taa ilibaki nyekundu.

"Itachukua muda," alisema, jasho linamtoka puani. "Hizi mpya huchukua muda kuzoeana na mwenzake wa mjini."

Njiani, wakiteremka taratibu, Eunike alimwegemea Yuditha. "Usimlaumu mumeo," alisema. "Amehangaika, nimemwona. Kitu chenyewe kidogo mno, mtu anawezaje kujua kimeumwa wapi?"

Yuditha alimshika kiuno asianguke.

*

Bwana Shakiru alipanda mwenyewe siku ya tatu. Asubuhi ileile, kabla hajafika, Eunike alikuwa ameteremshwa hospitali ya Mawenzi kwa pikipiki, amekalishwa katikati ya watu wawili, mguu umefungwa kitenge, kichwa kinaanguka huku na huku. Yuditha aliikuta sandali yake moja kijiani, akaiokota.

Shakiru alikuwa mtu mzima wa mjini, mpole, kanzu yake ameikunja kiunoni kwa ajili ya matope. "Shemeji, habari za hapa. Samahani kwa kuwavamia." Godlove alikuwa nyuma yake na kifaa cha kupimia, kile kinachorusha mwanga ndani ya kebo na kusikiliza unaporudi.

"Tumepimia mjini," Shakiru alimwambia Primus. "Moduli ya kule inaangaza vizuri. Mwanga unafika huku kwako unagonga kitu, unarudi. Moduli mpya nimekupa, bado giza. Primus, wewe fundi. Hiyo moduli au hiyo kebo?"

"Nilidhani moduli, bosi."

"Tutaona."

Walianzia barabarani, Godlove akisukuma gurudumu la kupimia umbali, wakaingia kihambani, wakapita migomba, wakapita mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, unaobubujika maji ya masika. Gurudumu lilisimama upande wa juu wa kaburi. Palikuwa na chipukizi la mgomba, udongo mbichi, na masale matatu yaliyonyauka. Godlove aliinama akafukua kwa mkono. Mkia mweusi ulitokea.

Martin, ambaye alikuwa akipalilia kahawa yake, alikuja akasimama kwa mbali na jembe lake.

"Imekatwa," Shakiru alisema. "Na vigingi? Nilikupa saruji kwa mkono wangu, Primus. Vigingi vya hapa viko wapi?"

Yuditha alimwona mumewe akilitazama kaburi, kisha akimtazama kaka yake, na alijua kabla ya kusikia.

"Viling'olewa, bosi."

"Na nani?"

"Na huyu." Primus hakunyoosha kidole. Alielekeza kwa kidevu tu. "Kaka yangu. Tuna ugomvi wa mpaka. Aling'oa vigingi, akachimba."

"Mimi?" Martin alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Primus. Mimi?"

"Aling'oa, bosi. Mimi nilikuwa namfichia kwa kuwa ni damu yangu."

Shakiru alitoa simu. Hakuonekana kufurahi alipomgeukia Martin. "Mzee, hii siyo kebo yangu. Mwenye kebo ananidai mimi, na serikali inanidai mimi. Zahanati iko gizani. Siwezi kukuacha. Polisi watakuja, utawaeleza wao."

Martin aliacha jembe lianguke. Alimtazama Yuditha. Hakumwomba kitu, alimtazama tu, kwa sababu yeye alikuwapo siku ile.

Yuditha aliwaza kazi ya kudumu. Aliliwaza begi nyuma ya mlango, na Gladness aliyezoea sasa kuitwa na baba yake kila jioni amsomee aliyoandika shuleni. Kama angenyamaza, yote hayo yangebaki. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza siku zote tatu. Mkononi alikuwa bado ameshika ile sandali ya Eunike.

"Hapakuwa na vigingi," alisema.

"Mama Gladness," Primus alisema.

"Havikufyatuliwa hata kimoja, Bwana Shakiru. Saruji yako ile pale." Alionyesha kaburi. "Ni mama mkwe wangu. Shemeji hakuona alama yoyote ya kebo. Alikuta masale, akadhani amenyang'anywa."

Godlove alisimama, akageukia migomba. Shakiru alilitazama kaburi muda mrefu. Lilikuwa limepigwa plasta vizuri, msalaba umesimama wima, jina la marehemu limechorwa kwa msumari kabla saruji haijakauka, kwa mwandiko wa Primus. Aliirudisha simu mfukoni.

"Mfuko wa saruji," alisema taratibu. "Kwa ajili ya mama yako. Ungeniomba, Primus. Ungesema, bosi, mama yangu amelala kwenye udongo. Ningekupa na wa pili."

Primus aliutazama udongo uliofukuliwa.

"Sasa nitakuandikaje kazi? Uliniambia moduli, nikaamini. Uliniambia kebo salama, nikaamini. Nikikuamini tena, mimi ndiye mjinga." Alinyoosha mkono. "Nipe koti la kampuni. Na begi la vifaa."

Primus alilivua koti palepale, mvua ikianza kunyesha, akabaki na fulana yenye tundu begani. Martin aligeuza uso. Shakiru alilikunja koti vizuri, akalipa Godlove, akamwambia Yuditha, "Samahani, shemeji," kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Mashine ilikwisha kurudi kutoka Arusha, ilikuwamo garini. Godlove aliziunga nyuzi moja moja chini ya mwavuli. Kabla ya saa ya chakula cha mchana, Salvina alipiga simu kwa furaha kuwaambia kwamba taa ni ya kijani, kwamba kadi zinasoma, kwamba sala ya Mama Gladness imejibiwa.

*

Jioni Primus alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Gladness aliingia na daftari lake, akaona sura ya baba yake, akatoka nalo. Yuditha aliweka chai mbele yake. Iliota ngozi juu.

"Wamempigia dada yake Eunike," Yuditha alisema. "Wanasema mguu hautapona. Wataukata."

Primus hakuinua kichwa.

"Baba Gladness, sikuweza. Wangemfunga bila kosa."

"Kwa hiyo umenifunga mimi."

Mlango ulibishwa, ingawa ulikuwa wazi. Alikuwa Martin. Alikuwa ameoga na kuvaa shati lake la kanisani, na mkononi alishika jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Yuditha alisimama haraka, akavuta kanga yake mabegani. Isale likiletwa hivyo kuomba msamaha, mtu hakatai. Yuditha alikulia milimani hapo, ameona wenye visu wakiliinamia, waliouliwa ndugu zao wakilipokea huku wanalia. Hakuwahi kumwona wala kumsikia aliyelikataa.

"Mdogo wangu," Martin alisema. Hakukaa. "Nimekata kitu chako. Sikujua, lakini jembe ni langu. Na mama nilimwacha kwenye udongo miaka sita, mimi mkubwa, wewe ukaenda kuiba kwa ajili yake. Ile aibu ilikuwa yangu, umeibeba wewe. Uliyonisemea leo mbele ya wageni nimekwisha kuyameza. Nimekuja nalo." Aliliweka isale mezani, kando ya kikombe. "Kesho tuyarudishe yale masale pamoja. Mama abaki katikati."

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Yuditha alisali moyoni kwa maneno yote aliyoyakosa zahanati.

Primus alilitazama lile jani. Alilitazama sana, na mara moja mkono wake ulisogea juu ya goti, Yuditha akadhani unakwenda mezani. Kisha akamwinulia mkewe macho.

"Na wewe," alisema, "lako liko wapi?"

Yuditha alifungua mdomo. Primus hakungoja. Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akalitungua begi jeusi kwenye msumari. Alilipiga kwa kiganja mara moja, vumbi likaruka, akalitia begani. Akapita kati ya mkewe na kaka yake bila kuwagusa, akatoka mvuani, isale akaliacha mezani.